Mtoto Aliyeendelea Kula Daku Baada ya Idi

Iko siku moja siisahau, mwanangu. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya Malindi, na nyumba yetu ya mtaa wa Shela ilikuwa kimya hata mpita njia angedhani wenyewe tumehama. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele kwa kuibaiba, ungo nauinua taratibu usije ukapiga kelele. Wifi yangu Zuhura, dadake mume wangu, alikuwa kavua makubadhi anatembea kwa ncha za vidole. Redio imezimwa. Jogoo katiwa tengani na kufunikwa gunia asije akawika. Na yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa kalala chali chumbani, mdomo wazi, hana habari na dunia. Alikuwa mwanangu Swaleh, mumeo huyo huyo, na wakati huo hata miaka miwili alikuwa hajaitimiza.

Usicheke. Wewe unayemsikia leo akikoroma huwezi kuamini kwamba kulikuwa na wakati mtu huyu halali usiku, na nyumba nzima haikujua la kufanya. Lakini umeniuliza mtoto wako asiyelala usiku afanywe nini, nami sina la kukujibu ila hili lililonipata mwenyewe. Basi tulia unisikilize, na chai yako uinywe ikiwa moto.

Siku hiyo ndipo akaingia baba yangu mzazi, Mzee Bakari, akitoka kwake Watamu. Alikuja kutupa mkono wa Idi, kwani Idi ilikuwa imepita kama wiki hivi. Akasimama ukumbini, akatutazama tulivyojikunyata, akauliza kwa sauti yake ile ya kubweka, "Nani kafa humu?"

"Shikamoo baba," nikamnong'oneza. "Hakufa mtu. Mtoto kalala."

"Marahaba. Kalala tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Mwache, maskini. Usiku hakulala."

"Na usiku wa leo atalala?"

Ngoja basi nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea njiani ukanilaumu mimi.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka ule Swaleh alikuwa mtoto wa kulala. Nilikuwa nimeshamwachisha ziwa, na baada ya isha, akishashiba, ukimweka kitandani humsikii tena mpaka asubuhi. Nilikuwa nikijisifu kwa majirani, na majirani hawakunipenda kwa hilo. Ikaingia Ramadhani, na wewe unaijua Ramadhani ya huku kwetu. Mchana watu tumelala, usiku ndio maisha. Waume wakitoka tarawehe ndipo bao linapoanza vibarazani, wanawake tunatembeleana, tunasuka ukili, tunapiga domo. Na karibu na alfajiri vijana wanapita na ngoma na madebe mtaa kwa mtaa, kuwaamsha watu wale daku.

Mwaka huo mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Mwanaisha, alitoka kwake Takaungu akaja kufunga pamoja nasi. Mwanamke mzuri, wallahi. Msafi, mcheshi, na mkono wake wa pishi sijauona tena. Usiku wa kwanza ngoma zilipopita, Swaleh akashtuka akalia. Mavyaa akamtoa chumbani kwangu, akampakata mkekani, akamtia tonge la wali wa nazi mdomoni. Mtoto akanyamaza. Akatafuna, akacheka, akaachama kutaka jingine. Lo, tulivyofurahi! Zuhura akampigia makofi, mtoto akakata kiuno mbele ya sinia, na babake akasema, "Kumbe huyu naye anafunga!" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Usiku wa pili hatukungoja alie. Zuhura alikwenda kumwamsha mwenyewe, maana daku bila Swaleh tuliona haliliki.

Ramadhani nzima tulikwenda hivyo. Usiku anacheza nasi, mchana analala nasi. Alijifunza neno lenyewe, "Daku!", akalitamka vizuri kuliko jina la babake.

Idi ikaja. Tukavaa, tukala, tukapeana mikono, tukarudi katika maisha yetu. Swaleh hakurudi. Usiku wa Idi yenyewe, saa ile ile ya ngoma na ngoma hakuna, akaketi kitandani akaita, "Daku!" Tukacheka, tukampa tende. Usiku uliofuata tukampa uji, ila kicheko kilikuwa kimepungua. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Mtoto akiamka haishii kwenye chakula. Anataka taa iwashwe, anataka makofi, anamtaka Zuhura, na akikosa kimoja ni kilio cha kuamsha mtaa. Anakuja kusinzia jua likichomoza, analala mpaka alasiri, na usiku tunaanza upya.

Mume wangu Athmani alikuwa dereva wa lori la mawe. Miaka ile ya themanini mahoteli yalikuwa yakijengwa Watamu moja baada ya jingine, na yeye alitoka alfajiri kwenda timboni, kwenye machimbo, kupakia. Akawa anakwenda kazini macho mekundu, hasemi na mtu. Siku moja akasinzia njiani karibu na Gede, lori likaacha barabara likaingia katika migomba ya watu. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini alirudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, hata kofia hakuivua.

Usidhani nilikaa kitako nikiangalia. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akamtazama masikio, koo na tumbo, akasema mtoto ni mzima, hana kitu. Nikampeleka kwa mwalimu wa madrasa akamsomea, nikapewa na kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa marashi mtoto akanywa. Akanywa, akaomba tena. Jirani mmoja akaninong'oneza nimpe vijiko viwili vya dawa ya kikohozi, ati inalaza. Hapo Mungu alinishika mkono nikakataa. Nawe ukiambiwa hivyo, kataa. Dawa ni ya mgonjwa, na mtoto kuzimia kwa dawa si kulala.

Habari zikafika Takaungu, kwani mavyaa alikuwa amesharudi kwake. Akamtumia mwanawe maneno kwa mtu aliyekuwa akija Malindi. Alisema Athmani asije akafa barabarani kwa sababu ya usingizi, na kwamba yeye ameshaanza kufunga sita zake za Mfunguo Mosi, zile funga za sunna baada ya Idi, anazifunga Jumatatu na Alhamisi. Akizimaliza atakuja kumchukua Swaleh akakae naye mpaka atulie.

"Mama kasema kweli," Athmani akaniambia. "Ni kwa siku chache tu."

Mwanangu, siku chache za kwetu nilikuwa nazijua. Katika mtaa wetu ningeweza kukuonyesha watoto waliokwenda kwa bibi kwa siku chache wakarudi wana ndevu. Na Takaungu ya wakati huo ilikuwa mbali. Daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, unapanga foleni, unavuka kwa feri, halafu unatafuta gari tena upande wa pili. Ningemwona mwanangu mara ngapi? Lakini mkaza mwana wa zama zetu hakuwa na ulimi wa kumwambia mavyaa "la". Nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kupika.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoikuta baba yangu adhuhuri ile.

"Mwamsheni," akasema.

"Baba!"

"Mwamshe, Rukia. Au nimwamshe mimi?"

Hakungoja. Akaingia chumbani, akalisukuma dirisha la mbao, pa! Jua likaingia mpaka kitandani. Akatoka uani akamfunulia jogoo gunia, na jogoo, aliyekuwa na mengi moyoni, akawika papo hapo. Swaleh akaamka analia, baba akamkalisha pajani na kilio chake, akaniambia, "Haya, nieleze."

Nikamweleza, na nilipofika kwenye habari za Takaungu machozi yakanishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Huyu hana jini wala homa. Nyinyi nyote mmeiona Idi. Yeye hamkumwambia kwamba Ramadhani imekwisha."

"Namwambia, baba. Kila usiku namwambia hakuna daku."

"Unamwambia kwa mdomo, na mkononi umeshika tende. Aamini kipi?"

Zuhura akaguna. Mimi nikaona haya, nikaanza kuchezea upindo wa leso.

Nawe lazima ujue kwamba baba alikuwa bawabu wa hoteli kwa miaka mingi. Usiku analinda, mchana analala, na mwaka ule ndio kwanza alikuwa amestaafu. Akanisimulia yaliyomkuta. Alipoacha kazi alidhani sasa atalala usiku kama watu wengine. Wapi! Ikifika isha macho yanamng'aa, anazunguka nyumba akijaribu makomeo ya milango, na asubuhi anaanguka usingizi mpaka adhuhuri. Mamangu alimvumilia kidogo, halafu akachoka. Kila alfajiri akawa anamwamsha, alale asilale, anampa jembe waende shamba. Mchana akitaka kujinyoosha anamkubalia kidogo tu, kisha anamtoa juani.

"Siku za kwanza nilimwona katili," baba akasema. "Nikisinzia nimesimama, nimeegemea mpini. Lakini mwili ulikubali. Na mimi ni mtu mzima, najua saa. Sembuse huyu?"

Halafu akanigeukia mimi hasa, na hapo ndipo aliponichoma. "Unalia kwamba utanyang'anywa mtoto. Na kila usiku mtoto wako si wa mtu. Akilia, anayewahi ndiye mwenyewe. Huyu anamwashia taa, yule anampa uji, wewe unamwambia lala. Atajua vipi neno la nani ndilo neno? Kama unamtaka, mlee. Usingoje mavyaa wako akubakishie."

Alikunywa kahawa yake, akaniachia mtoto, akaondoka kurudi Watamu kabla ya magharibi. Nilikasirika sana. Nilimwona mtu wa mbali aliyekuja kuniwashia moto na kwenda zake. Lakini maneno yake hayakunitoka.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilisema na watu wa nyumba ile kama mwenye nyumba. Nikawaambia usiku Swaleh ni wangu peke yangu. Haletewi chakula, haletewi taa, hatolewi chumbani. Athmani nikamwomba akalale kwa rafiki yake siku mbili tatu, apate macho ya kuendeshea. Akaniangalia, akachukua mto wake. Zuhura akainuka akaenda zake jikoni, na hilo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili zangu siku hiyo.

Mtoto sikumwacha alale tena baada ya ile adhuhuri. Akasinzia pajani, nikampeleka kisimani. Akasinzia kisimani, nikamnawisha uso. Magharibi nikamkogesha maji ya vuguvugu, nikamlisha wali na samaki akashiba kweli kweli, nikampeleka kitandani kabla hajachoka kupita kiasi, maana mtoto akichoka mno hugeuka mwehu. Nikamtungia wimbo, si wimbo wa maana. Ni kuwataja tu watu wa nyumbani mmoja mmoja kwamba wamelala. Baba kalala, shangazi kalala, mbuzi wa jirani kalala, kuku kalala. Akalala kabla sijafika kwa kuku.

Saa ya daku ilipofika akaamka. "Daku!"

"Hakuna daku, mwanangu. Ni usiku. Lala."

Nikamwekea kiganja mgongoni, sikumnyanyua. Akalia. Akanyoosha kidole mlangoni, akamwita shangazi yake, akalia mpaka sauti ikamkauka. Sitakudanganya, nilitaka kwenda kuzileta tende mimi mwenyewe. Mara mlango ukafunguliwa, Zuhura huyo, na kisahani mkononi.

"Wifi, rudi," nikamwambia.

"Una moyo wa namna gani wewe? Humsikii?"

"Namsikia. Rudi, nakuomba."

Akaondoka akaubamiza mlango. Mtoto alikuja kulala baadaye sana, kanishika kidole. Mimi sikulala kabisa.

Asubuhi nikamkuta Zuhura jikoni, kaupa mgongo mlango, anakuna nazi na machozi yanaingia mbuzini. Nilikuwa nimekwenda kugombana naye, kusema kweli. Maneno nilishayapanga. Kumwona vile nikayaacha.

"Nimekukosea nini, Zuhura?"

Akakuna, akakuna. Mwisho akasema, "Mchana wote ni wako. Anakula kwako, anaoga kwako, anakuita mama. Ile saa moja ya daku ilikuwa yangu na yeye."

Mwanangu, Zuhura alikuwa ameachwa na mumewe kwa kutozaa. Alirudi kwa kakake na sanduku moja, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulizungumza. Nilikuwa nikikaa naye, nikila naye, na sikuwahi kumwuliza usiku analala vipi. Nikaketi chini kando yake, nikalia naye.

Tulipomaliza kulia nikamwambia, "Usiku siwezi kukupa. Nitampoteza. Nakupa asubuhi. Wewe ndiye utakayemwamsha kila siku, umfungulie dirisha, umpe uji wake, utoke naye popote mnapotaka. Asubuhi sitaingia kati."

"Hata kama nitampa tende?"

"Mpe kapu zima."

Akacheka na kamasi zinamtoka. Basi kuanzia hapo, jua likitoka tu, shangazi anaingia anapiga makofi, "Kumekucha! Kumekucha!" Makofi yale yale ya daku, ila sasa ni mchana. Wanakwenda zao pwani kuangalia kaa, wanakwenda sokoni, wanarudi mtoto kachoka, kachafuka, kafurahi. Adhuhuri analala kidogo, na kabla ya alasiri shangazi yake keshamtoa.

Sisemi kwamba alipona siku ile ile. Kuna usiku alilia kidogo, kuna usiku alilia zaidi ya ule wa kwanza, nikadhani baba kanidanganya. Na usiku mmoja niliharibu mwenyewe. Nilitaka kufunga sita zangu, nikaamka kupasha wali, harufu ya nazi ikamfikia kitandani. Kazi yote ikarudi nyuma. Nikaziacha sita mwaka ule. Ni sunna, na Mungu anajua nilikuwa na shughuli gani. Lakini kidogo kidogo kile kilio kikawa kinung'uniko, kinung'uniko kikawa kugeuka tu upande wa pili. Athmani alirudi na mto wake. Nilianza kuota ndoto tena, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Siku zikaisha, mavyaa akaja.

Alifika alasiri, kachoka kwa feri na vumbi, kaleta mkate wa mofa na halua. Nilimwamkia, nikampokea, nikamkandia miguu. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto sasa analala. Hata nikamwambia. Akatabasamu kwa wema, vile mtu anavyotabasamu akisikia maneno ya mwenye kutetea chake, akasema, "Alhamdulillahi. Basi atanisumbua kidogo." Nikajua safari ipo pale pale. Athmani akaangalia chini. Mamake ni mamake.

Usiku akasema, "Mlete alale nami, anizoee. Kesho tuna safari."

Nilimpa. Ungekuwa wewe pengine ungekataa, wasichana wa siku hizi mna midomo, na katika hili nawapenda kwa midomo yenu. Mimi nilimpa, nikamlaza kando ya bibi yake, nikarudi chumbani kwangu na mikono mitupu. Nilisikia karibu na alfajiri mavyaa akiamka, nikaona mwanga chini ya mlango wake, nikasikia maneno machache. Halafu kimya. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, kapewa tende, kazi yangu imekwisha. Kulipopambazuka nikafunga nguo za mtoto katika leso.

Nilipoingia na leso ile mkononi nilimkuta mavyaa kaketi mswalani na tasbihi yake, macho mekundu. Swaleh alikuwa bado kalala.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. Nikakaa. "Nimeamka kusali, nikawasha taa. Mwenzangu akafungua macho. Sikufichi, nilifurahi. Nikamwuliza, bibi akupe tende? Unajua kanijibu nini?"

"Sijui, mama."

"Kaniambia, 'Usiku. Lala, bibi.' Akageukia ukutani, akalala. Kanilaza mimi, Rukia! Mtu mzima mzima!"

Akaanza kucheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona uso wake umebadilika. Akaivuta leso yake akajifuta.

"Omari nilimwachisha ziwa siku ya Jumatano," akasema. Omari ni mwanawe wa kwanza, kakake Athmani, yule ami yenu wa Takaungu. "Alhamisi mavyaa wangu akaja kumchukua, asije akarudia ziwa. Kwa siku chache. Na alikuwa mwema, sina la kumsema. Alimlea vizuri kuliko ambavyo ningemlea mimi. Leo ana watoto wake, kila Ijumaa ananiletea samaki. Na ananiita Da Mwanaisha, kama dada yake. Mama kwake ni yule bibi yake aliyekwisha kufa."

Nikaiweka ile leso mapajani.

"Sikuja kwa ubaya, mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa, nikadhani ndivyo inavyofanywa. Niambie kweli. Ungenikataza leo?"

"Nisingeweza, mama."

"Najua," akasema. "Mimi pia sikuweza."

Akaichukua ile leso ya nguo mapajani mwangu, akaifungua fundo mwenyewe, akaanza kuzikunja nguo za mtoto moja moja na kuzirudisha kikapuni. Aliondoka peke yake baada ya chai. Swaleh alimpungia mkono mlangoni, kabebwa na shangazi yake, na mimi nilisimama nyuma yao nikilia waziwazi, wala sikuona haya.

Sasa sikiliza, mke wa mwanangu, maana hadithi si kitu kama hutoki na neno.

Mtoto wako hakuamua mwenyewe kukesha. Tazama kwanza watu wazima wa nyumba yenu mnaishi vipi. Mwamshe asubuhi na watu, mpate jua, mchoshe kwa michezo, na mchana alale kidogo tu. Jioni mkogeshe, mshibishe, mpeleke mahali pale pale kwa maneno yale yale, na ile simu yenu yenye mataa iwe mbali naye. Akiamka usiku kwa mazoea tu, kaa karibu, mshike mgongo, sema machache, usimfungulie sherehe. Akiwa na homa, au anashika sikio, au unaona kilio si kile unachokijua, hapo usiniulize mimi, mpeleke hospitali. Na usimpe mtoto dawa ili ulale wewe. Atalia kabla hajajifunza. Kaa naye katika kilio hicho, aone kwamba hujaenda popote na neno lako halijabadilika.

Na watu wanaompenda usiwafukuze. Mpe kila mmoja saa yake ya mchana, tena umpe kwa moyo mweupe. Usiku uwe wako na mumeo. Huyo Swaleh naye aamke, asijifanye gogo, kanitesa mimi inatosha.

Neno la mwisho ni zito kwangu kulisema, kwani mjukuu wangu nampenda na mikono inaniwasha kumbeba. Mimi sasa ndiye mavyaa. Nitakuja siku moja nikuone umechoka, macho mekundu, nami nitakuambia kwa huruma ya kweli, "Nipe mtoto nikae naye siku chache." Ninyime. Nitanuna, pengine nitakwenda kukusema kwa Zuhura. Wewe ninyime vivyo hivyo, nikaribishe ndani, nipe asubuhi yake nitoke naye, na jioni umchukue umlaze mwenyewe.

Mola akujaalie subira na usingizi, amfanyie mwanao wepesi wa kulala na wepesi wa kuamka, na amjaalie kila alfajiri ya utoto wake akifungua macho, anayemwita mama awe ni wewe.